Vumbi Lililonyweshwa Maji

Jumatatu, 8 mwezi wa saba

Nimechekecha vumbi tangu asubuhi. Mifuko minne. Pua nyeusi, masikio meusi, na nimepiga chafya mpaka jirani akaniombea kutoka ng'ambo ya ukuta. Kavira amesimama mlangoni akanitazama. "Weye na vumbi mungeoana tu. Mimi nirudi kwetu Butembo." Miaka ishirini na sita ya ndoa, bado ananitishia Butembo.

Vumbi nimelitoa Munigi, pembeni mwa barabara. Lava ya volkano iliyosagwa na magurudumu. Laini kama unga wa muhogo, ila haliliki. Vitabu vya vipimo vinataka mchanga mweupe wa kuagizwa ng'ambo. Nimevifunga. Mashine itakayofagia Goma ipimwe kwa vumbi la Goma.

Kazi yenyewe ni hii. Mradi mmoja umeleta mashine ya kufagia barabara. Moja ya kujaribu. Ikifaa, watanunua nyingine tisa. Kabla ya kununua wametaka mtu wa pembeni aipime: inaokota vumbi kiasi gani, na inarudisha hewani kiasi gani. Mtu huyo ni mimi. Mwalimu wa fizikia aliyeacha chaki, mwenye chumba kimoja cha vipimo hapa Majengo, mizani mbili, na wafanyakazi sifuri. Kwa Kifaransa naitwa expert indépendant, mtaalamu huru. Kavira amenitafsiria: mutu hana bosi wala mushahara.

Alfajiri nilisikia ufagio tena. Sh-sh, kimya. Sh-sh, kimya. Sikuamka kuangalia.

Jumanne, 9

Nimeonyeshwa mashine. Ya rangi ya chungwa, brashi mbili za duara mbele kama masharubu ya paka, mdomo wa kufyonza tumboni, tangi la maji mgongoni. Maji yake yanatakiwa kunyunyizwa mbele ya brashi ili vumbi lisiruke. Niligonga tangi. Likalia kama ngoma. Tupu.

Ingénieur, yaani injinia wa mradi, ametoka Kinshasa. Mtu mwema, shati halina kunjo, ananiita "Expert" kwa sauti ya kuita mkutano. Nilimwuliza maji yako wapi. Akacheka. Maji ya bomba hayatoshi kunywesha watu wa Goma, tutapata wapi ya kunywesha barabara? Kitabu cha mashine kinasema inafanya kazi hata kavu. Nikaandika: ipimwe kavu. Ndiyo swali lote. Swali jepesi, hata mimi naliweza.

Mashine ikifaulu, watatu kati ya mama wanaofagia kwa mkono watafundishwa kuiendesha. Kukaa ndani ya kioo, juu, mbali na vumbi. Jina la kwanza kwenye orodha ni Masika.

Masika ni binti wa marehemu Mama Kahindo.

Nimeandika jina la Mama Kahindo. Kwa leo inatosha.

Alhamisi, 11

Nimepima mahali pa jaribio kwenye lami ya hapa Majengo. Mita ishirini kwa tatu. Nimechora kwa chaki, nimepiga magoti mpaka yakalia kama mlango wa parokia. Kesho nitamwaga humo kilo kumi za vumbi, mashine itapita, nami nitapima ilichobeba na ilichoacha. Kando ya barabara nitaweka pampu mbili ndogo, kila moja na karatasi ya kuchuja, kwenye kimo cha pua ya mtoto. Zitavuta hewa wakati mashine inapita. Karatasi ikibaki nyeupe, heri. Ikiwa nyeusi, watoto wa barabara hiyo wamekwisha kuvuta kilichobaki.

Masika alipita na wenzake, mafagio mabegani. Ana miaka thelathini na kitu na ndiye kiongozi wao. Alisimama juu ya mstari wangu wa chaki.

"Papa Kasereka, ni goli ya mupira ama ni kaburi?"

Nikasema ni goli, na mlinda mlango ni mimi.

"Basi tumefungwa tayari."

Wote wakacheka. Yeye akacheka zaidi, kisha akakohoa. Kidogo. Akatema mate upande wa pili, kwa adabu. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu. Kiatu changu hakina kamba.

Ijumaa, 12

Siku kubwa. Watu wa mradi walikuja na viti vya plastiki, viongozi wawili wa mtaa, na kinasa sauti kimoja kisichokuwa na betri. Nilimwaga vumbi saa kumi na mbili na nusu, nikalisawazisha kwa ubao. Lilikaa zuri sana. Nililiangalia kama mwanamke anavyoangalia ugali wake.

Halafu nikafanya kosa. Kavira alikuwa ametuma mandazi. Ingénieur akaanza hotuba. Nikaenda kando, nikala mandazi matatu, mgongo nikiupa barabara. Mtu wa vipimo hatakiwi kukipa mgongo anachokipima. Nilifundisha jambo hilo darasani miaka kumi na tisa.

Mashine ilipita taratibu. Ajabu. Hakuna wingu. Hakuna hata mvuke. Nyuma yake lami ilibaki tupu kama sahani ya seminari. Karatasi za pampu karibu nyeupe. Watu wakapiga makofi. Mama wa ufagio wakapiga vigelegele. Ingénieur akanikumbatia, na vumbi langu likaharibu shati lake. Hakujali.

Masika alipanda ngazi ya mashine, akagusa usukani kwa vidole viwili tu, kama mtu anayegusa mtoto wa wengine.

Nimefurahi. Niandike hivyo, maana si kila siku.

Jumamosi, 13

Nimepima mzigo wa mashine mara nne. Nimesafisha mizani, nimepima tena.

Nilimwaga kilo kumi. Mashine imerudisha kilo kumi na robo. Na lami ilikuwa imefagiliwa na kuoshwa tangu juzi, hapakuwa na kingine cha kuokota.

Nilimpigia Ingénieur nikidhani atashtuka. Alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Expert! Imesafisha mpaka zambi!" Nikacheka nami. Ni utani mzuri, siwezi kukana.

Nilipokata simu sikucheka tena. Kitu hakizai kitu. Robo kilo imetoka wapi?

Ufagio alfajiri. Mara mbili, kimya. Mara mbili, kimya. Niliuliza Kavira kama anausikia. Alijifunika shuka. "Ni barabara, Papa. Barabara inafagiwaka." Sawa. Lakini si kila mtu anafagia hivyo. Mama Kahindo peke yake alifagia hivyo, mwaka wake wa mwisho. Anafagia mara mbili, anasimama kutafuta pumzi. Mara mbili, anasimama.

Alizikwa miaka mitatu iliyopita.

Jumapili, 14

Misa. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu robo kilo.

Baada ya chakula niliazima kikaango cha Kavira bila kumwambia. Nikaweka vumbi la mashine ndani, nikafunika, juu ya makaa. Dakika chache tu. Nilipofunua, mfuniko ulikuwa na matone. Nikapima vumbi. Limepungua.

Maji. Robo kilo ni maji.

Vumbi la kwingine likilowa linabadilika rangi, unaliona. Letu jeusi likiwa kavu, na likipata maji kidogo linakuwa jeusi tu. Macho yangu yana miaka hamsini na mbili na miwani ya miaka tisa. Mtu alilinyunyizia vumbi langu maji wakati nakula mandazi. Mashine haikupimwa kavu. Haikupimwa kabisa.

Kavira amekuta kikaango. Amenyamaza. Akinyamaza hivyo ni afadhali Butembo.

Usingizi wa mchana haukuja, basi niandike lile jambo.

Miaka sita iliyopita zililetwa kashene, zile za kufunika pua, katoni kubwa, kwa ajili ya mama wote wanaofagia. Nikaombwa nizipime. Kanuni: toa kumi, za juu, za kati, za chini. Nilitoa moja. Ya juu. Ilikuwa nzuri sana, ilizuia vumbi vizuri. Ilikuwa Jumamosi, na shemeji yangu alikuwa anaoa katika mji wa Kiwanja, gari lilikuwa linapiga honi mlangoni. Nikaandika: katoni nzima ni nzuri. Nikatia saini. Nikaenda kucheza. Nilicheza vibaya, ila nilicheza.

Mama Kahindo alivaa kashene hizo. Tulisoma naye Butembo, benchi moja. Alinikopesha mfutio ambao sikuurudisha. Alifagia lava ya mji huu miaka kumi na saba. Alipokufa, siku ya tatu baada ya maziko, nilikuwa napanga rafu, nikakuta kashene mbili zilizobaki za katoni ile. Za chini. Nikapasua moja. Tabaka moja tu la kitambaa. Nikaiweka usoni kuelekea dirisha, nikaona mti wa jirani kupitia humo. Nikahesabu majani.

Sisemi kashene ilimwua. Mtu anayefagia lava miaka kumi na saba, mapafu yake yana sababu nyingi. Ila sababu moja ina saini yangu.

Sijamwambia mtu. Hata Kavira.

Jumatatu, 15

Nimepata mtu wa maji. Sikuhitaji kutafuta sana. Nilimkuta Masika kwenye kona wanakopumzika, nikauliza kwa mzunguko, kama mwoga. Akajibu kwa kiburi kizuri kabisa.

"Ni siye, Papa. Bageni bamekaa ku viti, weye unabamwangia vumbi mbele? Haya haiko?"

Makopo ya nyanya yaliyotobolewa tundu kwa msumari. Kila mmoja kopo lake. Walinyunyiza kidogo kidogo, kama anavyofanya kila mtu hapa mbele ya mlango wake kabla ya kufagia, zaidi sana mgeni akija. Mgeni hapokelewi na vumbi. Hata mimi mama yangu angenichapa. Watu wa Kinshasa walikuwa wanasikiliza hotuba, mimi nina andazi mdomoni, na mama hawa wakatengeneza heshima ya mtaa. Maji waliyatoa kwenye bidoni, dumu lao wenyewe, yaliyobebwa kutoka ziwani.

Sikumwambia wameharibu jaribio. Nilisema asante. Akasema siku wanamfundisha usukani, mtu wa kwanza kumpeleka mzunguko ni mimi. "Lakini utakaa nyuma. Weye unaogopaka."

Ni kweli, naogopa.

Jumanne, 16

Ingénieur anataka raporo, ripoti ya vipimo, Alhamisi. Wanunuzi wanasubiri. Nilimwambia labda turudie. Labda. Nimelitumia neno hilo mara tano, nilihesabu baada ya kukata simu. Akaniuliza kwa upole: mashine ilifanya vibaya? Hapana. Watu walilalamika? Hapana. "Basi Expert, tuache matokeo mazuri yalale."

Hajui habari za maji. Hakuna anayejua ila mimi na makopo.

Nikae kimya: mashine kumi zitapita kavu katika mji huu. Huenda ni nzuri hata kavu. Sijui. Hapo ndipo penye shida, sijui, na nimeshawahi kutia saini nisichokijua.

Nirudie: ikianguka, hakuna mashine, hakuna usukani, Masika anarudi kwenye ufagio. Nitakuwa nimemrudisha mimi.

Jumatano, 17

Alfajiri nimeamka. Nimesema leo nikaone, kama ni marehemu nimsalimie, nimwombe msamaha, yaishe. Nilivaa koti la Kavira kwa haraka, limenibana, mzuka wowote ungekimbia.

Sh-sh, kimya. Sh-sh, kimya.

Ni Masika.

Anafagia mbele ya duka la saruji, kitambaa puani. Anafagia mara mbili. Anasimama, anaweka mkono kiunoni, mabega yanapanda na kushuka. Mara mbili tena. Hakuniona.

Nilirudi ndani nikakaa jikoni. Niliogopa zaidi kuliko kama ningemwona mama yake.

Sasa hivi mezani kuna raporo mbili. Moja ya kilo kumi na robo, nzuri, fupi, inampeleka Masika ndani ya kioo. Nyingine ni karatasi nyeupe. Kalamu iko katikati. Mimi mwenyewe najua mikono yangu, inapenda njia fupi.

Alhamisi, 18

Nimempa Ingénieur karatasi moja: jaribio la Ijumaa halifai, vumbi lilikuwa na maji, nilikuwa sijaangalia, kosa ni la mpimaji. Tunarudia kesho. Mara tatu kavu. Na mara tatu kwa mama wa ufagio, wanyunyize wanavyozoea, tupime nao.

Alikasirika kwa Kifaransa, kisha kwa Lingala. Kiswahili hakukigusa, labda kwa heshima. Mwishoni akauliza nani alimwaga maji, afukuzwe. Nikasema ni adabu ya mtaa iliyomwaga, na adabu haina kadi ya kazi. Akakaa chini. Baadaye akasema sawa, tupime, lakini mashine ikianguka nitaanguka nayo. Sikubisha. Ana haki.

Kavira nimemweleza yote. Hata habari za kashene. Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua muda mrefu sana. Halafu: "Ile harusi ulinikanyaga mara mbili." Akaniwekea mkono kichwani. Akaendelea na maharage.

Ijumaa, 19

Sikula chochote. Nilikaa juu ya chaki kama kuku juu ya mayai.

Mashine, kavu. Mara ya kwanza: iliokota mawe, chupa, karatasi, maganda ya ndizi, safi kabisa. Vumbi laini lilitoka kwa nyuma. Wingu. Lilipanda mpaka madirisha ya ghorofa, likasimama kidogo, likashuka juu yetu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikimbilia dukani. Mara ya pili vile vile. Ya tatu sikutaka, lakini tatu ni tatu. Karatasi za pampu nyeusi tititi. Moja ilichanika kwa uzito nilipoigusa.

Kisha mama sita na mafagio na makopo yao. Walichukua muda mrefu, na waliacha mawe madogo pembeni. Karatasi ya kijivu. Kijivu tu. Mara tatu.

Basi ndiyo hivyo. Mashine kavu ni mbaya kuliko kopo la nyanya lenye tundu. Ikipewa maji sijui, huenda ni bora kuliko wote. Maji hakuna.

Masika alisimama kando ya mashine, mikono kifuani. Alielewa kabla sijaandika. Si mjinga, hajawahi kuwa. Alichukua kopo lake akaondoka peke yake.

Jumamosi, 20

Nilikwenda kwake. Kuta za mawe ya lava, paa la mabati, picha ya mama yake juu ya redio. Sikuitazama picha. Nilikataa chai, halafu nikaipokea, kwa sababu mikono ilitaka pa kukaa.

Nilimwambia la mashine kwanza. Anajua, akasema. Akauliza nisingeweza kunyamaza tu? Nikasema ningeweza.

"Mashine moja, Papa. Kwa ajili ya mimi. Moja tu."

Nikasema ni kumi, si moja, na zingepita mbele ya nyumba hii. Akatazama nje.

Halafu nikamwambia la kashene. Lote. Katoni, ya juu moja, honi ya gari, harusi, mti wa jirani. Sikuomba msamaha mwanzoni, nilisahau. Nilikumbuka nikiwa nimemaliza, likatoka vibaya, kama nyongeza.

Kuku aliingia, akatoka. Nilitaka anitukane.

"Tulijua ziko mbaya," akasema. "Akitoa, pua nyeusi yote. Mimi nilimuambia, Mama, acha hii, funga kitambaa ya maji. Kila siku nilimuambia."

Nikauliza kwa nini hakuacha. Nisingeuliza.

"Alikuwa anasemaka: hapana, Kasereka ndo alipima."

Nilibeba kikombe nikakiweka. Nilibeba tena. Aliinuka akanifungulia mlango, bila hasira, kama unavyomfungulia mtu aliyemaliza kazi iliyomleta. Nje jua lilikuwa kali. Nilipitiliza nyumbani kwangu nikaenda mpaka kona ya pili kabla ya kugundua.

Jumatatu, 22

Raporo nimeipeleka. Kurasa sita. Nne za mashine: kavu haifai, isinunuliwe mpaka maji yapatikane na ipimwe tena yakiwamo. Moja ya mama wa ufagio na makopo. Ya sita haikuombwa. Ni ya kashene, yenye tarehe, na saini yangu ya zamani, na mpya chini yake.

Ingénieur aliisoma yote akiwa amesimama. Ukurasa wa sita aliusoma mara mbili. Akasema nikiutoa, hakuna atakayejua. Nikasema uache. Akasema baada ya huu hakuna mradi utakaonipa kitu cha kupima, hata chumvi. Nikasema najua. Akanipa mkono. Hakuniita Expert, aliniita Papa.

Mafunzo ya usukani yamesimamishwa. "Itaangaliwa." Neno hilo tunalijua hapa.

Mashine imefunikwa turubai.

Ijumaa, 26

Mteja mmoja amekuja kuchukua unga wake kabla haujapimwa. Alisema amebadilisha mawazo. Hakuniangalia.

Ufagio alfajiri. Sasa najua ni nani. Haisaidii.

Jumapili, 28

Jana mama mmoja alinisimamisha sokoni. Wamesikia kuna karatasi, na karatasi iko kwa Kifaransa. Nije niwasomee.

Nimewasomea leo baada ya misa, ukumbi wa parokia. Walikuwa kama arobaini. Niliona Masika mstari wa nyuma, karibu na mlango. Hakunisalimia. Nilitafsiri polepole, ukurasa kwa ukurasa. Kwenye wingu la mashine walitikisa vichwa. Kwenye makopo ya nyanya walicheka na kupigana mabega, mmoja akasema basi naye aitwe expert. Nikasema nafasi iko wazi.

Ukurasa wa sita nilitaka kuufupisha. Sikuufupisha.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa kelele. Mtoto alilia akanyonyeshwa. Kisha Mama Vumilia, mkubwa wao, aliinua mkono kama shuleni.

"Zile zenye zilibakia, tuzitupe?"

Sikuelewa. Nikauliza zipi. Akafungua kikapu akatoa kashene ya katoni ile. Imefuliwa, imeshonwa upya kamba kwa uzi mwekundu. Nikauliza nani mwingine bado anazo. Mikono saba. Nane.

Niliegemea meza. Nikasema ndiyo, zitupeni, leo.

"Tuvae nini sasa?"

Nyuma kabisa Masika akasema, si kwangu, kwao: "Kitambaa. Mbili, ya maji. Mulowesheke kila saa."

Wote wakageuka kwangu. Wanataka mtu wa vipimo aseme ndiyo. Nilitamani kusema ndiyo, ingekuwa tamu, ingewatuliza, na huenda ni kweli. Nikasema sijui. Kitambaa cha maji sijakipima.

Ndipo Masika akanitazama, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Basi pima," akasema.

Mkutano ukaisha. Walitoka mmoja mmoja. Yeye alibaki kupanga viti, nami nikapanga upande wangu. Alisimama mara mbili kuvuta pumzi, nikamngoja.